Balbu moja, ukinzani namba mbili: kukokotoa omu na wati kutokana na volti na ampea

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nimefundishwa kwamba ukinzani hupatikana kwa kugawanya volti kwa ampea, na nguvu kwa kuzidisha volti kwa ampea. Nina balbu ya waya iliyoandikwa V 230, W 60. Kwa hesabu napata ukinzani wa omu 882, lakini nikiipima kwa multimita inasoma omu 64 tu. Tena kuna kanuni mbili za nguvu zinazonichanganya: P = V² ÷ R inaonyesha kwamba ukinzani ukiongezeka nguvu hupungua, ilhali P = I² × R inaonyesha kinyume chake. Nishike ipi, na namba ipi ya balbu ndiyo ya kweli?

Jibu: Marahaba. Hesabu yako ni sahihi na multimita yako ni nzima. Omu 882 ni ukinzani wa balbu hiyo inapowaka, na omu 64 ni ukinzani wake ikiwa imezimwa na kupoa. Kilichokuchanganya ni dhana kwamba kifaa kimoja sharti kiwe na ukinzani mmoja maishani mwake mwote, dhana ambayo masomo ya mwanzo huijenga bila kukusudia kwa kutoa mifano ya rizista za maabara peke yake, yaani vipande vilivyotengenezwa viwe na ukinzani maalumu. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu maswali yako yote mawili yana mzizi mmoja: volti na ampea unazoziingiza katika hesabu lazima ziwe za kifaa kilekile na za wakati uleule, na kabla ya kusema "ukinzani ukiongezeka" ni lazima useme pia kitu gani kingine kimeachwa kama kilivyokuwa.

Tuyaweke maneno sawa kwanza, kwa kuwa neno "nguvu" katika Kiswahili limebebeshwa mizigo mingi. Hapa nina maana ya kasi ambayo nishati inatumika, yaani jouli ngapi kila sekunde, na kipimo chake ni wati. Volti 1 kati ya ncha mbili za kifaa maana yake ni kwamba kila kulombi 1 ya chaji inayopita humo huacha jouli 1 ya nishati, na mkondo wa ampea 1 ni kulombi 1 inayopita kila sekunde. Zidisha viwili hivyo, kulombi zinafutana, na zinabaki jouli kwa sekunde. Kwa hiyo P = V × I inatokana moja kwa moja na maana ya vipimo vyenyewe, ndiyo maana haichagui kifaa: inafaa kwa balbu, kwa mota, kwa taa ya LED na hata kwa betri inayochajiwa, mradi volti na ampea zimechukuliwa kwa wakati mmoja (umeme wa nyumba una sharti lake, nitalitaja mwishoni).

R = V ÷ I nayo ni tafsiri ya neno, kwani ukinzani ndilo jina tulilolipa jibu la mgawanyo huo. Sheria ya Ohm inaongeza jambo ambalo si vitu vyote hulitii, kwamba katika waya wa metali ulio katika jotoridi lisilobadilika, jibu la mgawanyo huo hubaki lilelile hata ukipandisha au kushusha volti. Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, aliijua vizuri taabu ya kupima kitu kinachobadilika mkononi. Betri za wakati wake zilikuwa zikidhoofika katikati ya kipimo, na katika majaribio yake ya mwaka 1826 aliziacha akatumia kiungo cha shaba na bismathi, ncha moja ikiwa katika maji yanayochemka na nyingine katika barafu, ili apate chanzo cha umeme kisichoyumba. Mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake. Namtaja kwa sababu watu wengi huikariri sheria yake na kuliacha sharti la jotoridi, na balbu yako imekukumbusha sharti hilohilo.

Waya ulio ndani ya balbu ni wa tangsteni, na balbu inapowaka waya huo hufikia jotoridi la takriban nyuzi 2,500 za Selsiasi. Kadiri metali inavyopata moto, atomu zake hutikisika zaidi na kuisumbua njia ya elektroni, hivyo ukinzani hupanda. Kwa tangsteni, kutoka ubaridi wa chumba hadi jotoridi la kuwaka, ukinzani huongezeka zaidi ya mara 10; wako umeongezeka takriban mara 14, na hilo ni la kawaida kabisa kwa balbu ya aina hiyo. Ulipokokotoa, ulitumia volti 230 na wati 60, ambazo ni namba za balbu iliyokwisha kuwaka: mkondo ni 60 ÷ 230, sawa na ampea 0.26, na 230 ukiigawanya kwa mkondo huo unapata omu 882. Multimita kwa upande wake hupitisha mkondo mdogo sana wa betri yake, usioweza hata kuupasha moto waya, na kwa hiyo inakusomea ukinzani wa waya baridi.

Namba ya omu 64 ina kazi yake. Ndiyo inayotawala wakati swichi inapobonyezwa, kabla waya haujapata moto: 230 ÷ 64 ni karibu ampea 3.6, na kwa sehemu ndogo sana ya sekunde balbu ya wati 60 inameza zaidi ya wati 800. Bila shaka umewahi kuona kwamba balbu kuukuu mara nyingi haifi ikiwa imetulia inawaka. Hufa unapoiwasha, kwa mwanga mmoja mkali na mlio mdogo, kwa sababu pale palipokonda katika waya hupokea pigo hilo lote.

Ukitaka kuuona ukinzani unavyopanda bila kucheza na umeme wa nyumba, chukua balbu ya gari ya volti 12, wati 21, na chanzo cha umeme kinachoweza kurekebishwa. Balbu ya aina hiyo hukupa namba zinazokaribia hizi: kwa volti 1 mkondo ni kama ampea 0.45, kwa volti 3 ni ampea 0.82, kwa volti 6 ni ampea 1.2, na kwa volti 12 ni ampea 1.75. Gawanya kila jozi peke yake nawe utapata omu 2.2, kisha 3.7, kisha 5, kisha 6.9. Jozi hazichanganywi, ukichukua volti 12 za mstari wa mwisho na ampea 0.45 za mstari wa kwanza utapata omu 27, namba ambayo balbu hiyo haikuwa nayo wakati wowote. Angalia pia nguvu yake: kwa volti 6 ni 6 × 1.2, yaani wati 7.2, ilhali anayedhani kwamba nusu ya volti huleta robo ya nguvu angetarajia wati 5.25. Kanuni ya kipeo cha pili haijavunjika hapo. Ukinzani ndio uliohama, na yeye ameusahau.

Vifaa vya kupashia joto ni watulivu zaidi. Waya wa ndani ya birika la umeme, pasi au hita kwa kawaida ni wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao ukinzani wake hubadilika kwa asilimia chache tu hata ukipata moto mkali. Geuza birika uangalie kibandiko chake cha chini. Mara nyingi utakuta imeandikwa V 220–240, W 1850–2200, na huenda ukafikiri mtengenezaji hakuwa na uhakika na alichokitengeneza. Kokotoa uone: 220 × 220 ÷ 1,850 ni omu 26.2, na 240 × 240 ÷ 2,200 ni omu 26.2 vilevile. Kibandiko kinakueleza waya mmoja katika volteji mbili. Ukichomoa birika hilo na kupima kwa multimita kati ya pini mbili za umeme za plagi yake, swichi ya birika ikiwa imewashwa, utasoma omu 26 na kitu, bila mshangao wa balbu.

Kutokana na ukinzani huo unaweza kujibu maswali yote mengine. Kwa volti 230 mkondo ni 230 ÷ 26.2, yaani ampea 8.78, na nguvu ni takriban wati 2,019. Umeme ukishuka hadi volti 200, mkondo unashuka pia hadi ampea 7.63, na kwa kuwa vyote viwili vimeshuka kwa pamoja, nguvu inaporomoka hadi wati 1,527. Volti zimepungua kwa asilimia 13 tu, lakini nguvu imepungua kwa karibu robo. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji takriban jouli 335,000. Birika lisilopoteza joto lolote lingetumia sekunde 166 katika hali ya kwanza na sekunde 219 katika ya pili. Gharama ya umeme wa kuchemsha maji hayo haibadiliki sana, kwa sababu mita inahesabu nishati, na nishati inayotakiwa na maji ni ileile.

Sasa tuje kwenye kanuni mbili zilizokusumbua. Zote mbili zimezaliwa na P = V × I. Ukiliondoa I kwa kuweka V ÷ R mahali pake, unapata P = V² ÷ R; ukiliondoa V kwa kuweka I × R, unapata P = I² × R. Kwa kifaa kimoja kwa wakati mmoja haziwezi kutofautiana: birika letu linatoa 230² ÷ 26.2 na pia 8.78² × 26.2, na majibu yanafanana isipokuwa kwa tarakimu ulizozikata njiani. Utata huanza pale unapouliza "je, ukinzani ukiongezeka?" kwa kuwa ukinzani ukibadilika ni lazima kitu kingine kibadilike pia, ama volti ama ampea ama vyote viwili. Kanuni ya kwanza ni rahisi kutumia pale volti zilipofungwa, na ya pili pale mkondo ulipofungwa. Swali la kujiuliza basi ni hili: katika sakiti iliyo mbele yangu, ni kipi hasa kilichofungwa?

Vifaa vya nyumbani vimeunganishwa sambamba, kila kimoja kikipata volti zilezile 230. Hapo ukinzani mdogo ndio wenye nguvu kubwa: balbu ya wati 100 ina omu 529 na ya wati 60 ina omu 882. Ziunganishe balbu hizo mbili kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, na mambo yanageuka, kwa kuwa sasa mkondo unaopita katika zote mbili ni mmoja. Tukichukulia kwa muda kwamba ukinzani wao haubadiliki, jumla ni omu 1,411, mkondo ni ampea 0.163, balbu ya wati 60 inapata wati 23.4 na ya wati 100 inapata wati 14.1. Balbu "ndogo" ndiyo inayong'aa zaidi. Kwa kweli namba hizo zitasogea, kwa sababu waya zote mbili zitakuwa na joto dogo kuliko kawaida na ukinzani wao utakuwa umeshuka, lakini mshindi habadiliki. Nimewaona mafundi wazoefu wakibishana juu ya jambo hili hadi balbu zikawashwa mbele yao.

Mkondo uliofungwa haupatikani katika majaribio ya darasani pekee. Upo kila siku katika waya unaopeleka umeme kwenye birika lako, kwa sababu waya, plagi, soketi na birika vyote viko kwenye mfululizo mmoja. Shaba ina ukinzani mahususi wa takriban 1.7 × 10⁻⁸ omu-mita kwa nyuzi 20, kwa hiyo waya wa milimita za mraba 1.5 una omu 0.0113 kwa kila mita. Chukua waya wa kuongezea wenye urefu wa mita 20. Mkondo unakwenda na kurudi, hivyo ni mita 40 za shaba, sawa na omu 0.453. Jumla ya ukinzani inakuwa omu 26.65, mkondo ampea 8.63, na waya unakula volti 3.9. Nguvu inayogeuka joto ndani ya waya ni wati 34. Wati hizo zimetandazwa katika mita 20 na hazimdhuru mtu, ila ukiuacha waya huo umezungushwa kwenye gurudumu lake, wati 34 zote zinafungiwa mahali pamoja pasipo na hewa, na plastiki huweza kuanza kulainika.

Hapo ndipo wengi hukosea kanuni. Mtu anataka nguvu inayopotea katika waya, anachukua V² ÷ R, anaweka 230 kwa V na 0.453 kwa R, kisha anapata zaidi ya wati 116,000. Volti 230 hazipo kati ya ncha mbili za waya. Zilizopo ni 3.9 tu, na 3.9² ÷ 0.453 inarudisha wati zetu 34 bila ubishi. Kanuni ilikuwa nzuri, volti ndizo zilizoazimwa kwa kifaa kingine.

Kibaya kuliko waya mrefu ni kiungo kilicholegea. Tuseme skrubu ya soketi haikukazwa vizuri na mguso wake una omu 0.5, kiasi ambacho multimita ya kawaida ingekipita bila kukitilia maanani. Mkondo wa birika unabaki karibu ampea 8.6, na pale penye skrubu panatoka wati 37. Chuma cha kulehemu cha wati 40 huyeyusha risasi na bati, na sasa fikiria chuma kama hicho kimefichwa ndani ya soketi kwa muda wote birika linapochemka. Ukiona plagi ina doa la kahawia kuzunguka pini moja tu, huku ya pili ikiwa safi, ujue ni hilo. Kubadilisha plagi na kuiacha soketi ileile ni kazi bure, kwa kuwa joto hilo huilegeza chemchemi ya soketi, ukinzani ukapanda, joto likazidi.

Tugeukie upimaji, kwa sababu hesabu haiwezi kuwa bora kuliko namba ulizozisoma. Voltimita huwekwa sambamba na kifaa, ammita huwekwa katika mfululizo nacho. Hili kila mtu analijua, na bado ajali hutokea, maana multimita moja hufanya kazi zote mbili na tofauti ni tundu ambamo umechomeka waya mwekundu. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya mwanzo, nilipima mkondo asubuhi, nikauacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10, na mchana nikagusisha ncha kwenye betri ya gari nikitaka kusoma volti. Kilichokuwa kati ya nguzo mbili za betri hiyo ni nyaya za kupimia na kipande cha shaba ndani ya mita, jumla pengine omu 0.25, na 12 ÷ 0.25 ni ampea 48. Fyuzi ya mita ilikufa papo hapo, na ncha ya waya ilibaki na kishimo cheusi ambacho nimekitumia tangu hapo kufundishia. Umeme wa nyumba ungekuwa na huruma ndogo zaidi, hivyo usipime ukinzani wa kitu kilichochomekwa, na usiipeleke ncha popote kabla ya kutazama tundu.

Mita nayo hujiingiza katika sakiti inayoipima. Multimita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa megaomu 10 (omu milioni 10) upande wa volti. Ukisoma volti za rizista ya omu 100, mkondo unaoibwa na mita hauonekani. Ukisoma za rizista ya megaomu 1 huku ammita ikihesabu mkondo wa rizista na wa mita kwa pamoja, mgawanyo wako utakupa megaomu 0.91. Kwa ukinzani mkubwa, weka ammita karibu na kifaa ili ihesabu mkondo wa kifaa peke yake. Kwa ukinzani mdogo, weka voltimita karibu na kifaa ili isihesabu volti zinazoliwa na ammita. Na kwa ukinzani mdogo sana, kama ule wa waya wetu wa mita 20, usitegemee kabisa upande wa omu wa multimita, kwa sababu nyaya za kupimia zenyewe zina omu 0.2 au 0.3. Pitisha mkondo unaoujua, tuseme ampea 5 kutoka chanzo cha volti chache, kisha gusisha ncha za voltimita kwenye ncha za waya wenyewe, ndani ya pale mkondo unapoingilia. Ukisoma volti 2.27, umepata omu 0.454, na ukinzani wa nyaya za mita haukuhusika.

Betri pia unaweza kuipima kwa njia hii, ingawa huwezi kuigusisha kwenye upande wa omu. Betri ya tochi inayosoma volti 1.5 ikiwa haina kazi, kisha ikasoma volti 1.2 inapotoa ampea 0.5, imepoteza volti 0.3 ndani yake yenyewe. Ukinzani wake wa ndani ni 0.3 ÷ 0.5, yaani omu 0.6. Anayegawanya 1.2 kwa 0.5 anapata omu 2.4, na huo ni ukinzani wa kifaa kilichounganishwa nje.

Kosa hilohilo la kutumia volti za mwingine huonekana zaidi kwenye taa ndogo za LED. Una chanzo cha volti 5 na LED nyekundu inayotaka volti 2 na miliampea 20. Rizista ya kuweka katika mfululizo haipatikani kwa 5 ÷ 0.02; volti 2 zimechukuliwa na LED, zimebaki 3, na 3 ÷ 0.02 ni omu 150. Nguvu ya rizista ni 3 × 0.02, wati 0.06, na ya LED ni wati 0.04. LED haitii sheria ya Ohm hata kwa mbali: ukiipandishia volti kidogo tu, mkondo wake unaruka, ndiyo sababu inahitaji rizista ya kuituliza. Katika kazi za namna hii ni rahisi kuwaza kwa miliampea, ambapo volti ukizigawanya kwa miliampea unapata kiloomu, na ukizizidisha unapata miliwati. Anayesahau "mili" hapati jibu lililokosewa kidogo. Hukosea mara elfu moja.

Usiishie kwenye omu bila kukokotoa wati. Rizista ya omu 100 iliyowekwa kwenye volti 12 inapitisha ampea 0.12 na kutoa wati 1.44. Rizista ndogo za kawaida zimetengenezwa kwa robo wati. Itafanya kazi kwa muda mfupi, mistari yake ya rangi itaanza kugeuka kahawia, chumba kitapata harufu ambayo fundi haisahau, na baadaye ukiipima utakuta ukinzani wake umehama au umekatika kabisa. Mimi huchagua yenye uwezo wa angalau mara mbili ya hesabu, kwa hiyo hapo ningeweka ya wati 3.

Limebaki jambo la umeme geu, ambao ndio uliomo majumbani. Volti 230 zinazotajwa ni kiwango faafu: volteji hiyo hupanda hadi kilele cha karibu volti 325 na kushuka hadi sifuri mara nyingi kwa sekunde, na 230 ni volti za umeme mnyoofu (unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri) ambazo zingetoa joto sawa na hilo katika rizista ileile. Kwa sababu hiyo hesabu zote tulizofanya za birika na balbu zinabaki kama zilivyo. Kwa mota, feni na transfoma hazibaki, kwa kuwa koili zake huchelewesha mkondo nyuma ya volteji, na sehemu ya nishati huingia kwenye sumaku kisha ikarudishwa kwenye waya bila kufanya kazi yoyote. Feni inayochukua ampea 0.5 kwa volti 230 haimaanishi kwamba inatumia wati 115. Ikiwa kipimo chake cha uwiano wa nguvu, yaani sehemu ya volti × ampea inayotumika kweli, ni 0.65, inatumia wati 75, na hizo ndizo mita ya umeme inazozihesabu. Mgawanyo wa 230 kwa 0.5 unakupa omu 460, ambazo huitwa impedansi. Koili ya feni hiyo ukiichomoa na kuipima kwa multimita inaweza kusoma omu 80 tu. Tofauti ya hapa haitokani na joto kama ya balbu yako, na ukiipasha feni moto au kuipoza haitaondoka.